Mistari Niliyoichora Kaloleni

Mzee Anaeli tulimzika kijijini Akheri mwezi uliopita, Jumamosi, manyunyu yakitunyeshea tangu kanisani mpaka kwenye migomba ya nyumbani kwake. Mwanawe mkubwa alisoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma: mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, baba wa watoto saba, "na katika miaka ile ya ruhusa aliwahi kujishughulisha kidogo na biashara ya mboga za kupeleka nje." Kidogo! Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, bakuli la loshoro, makande ya maziwa mgando, mapajani, nikashindwa hata kuinua kijiko. Mtu yule alikuwa anakusanya maharage ya wakulima wa mteremko mzima, yanavuka mpaka, yanapanda ndege, yanaliwa Ulaya na watu wasiojua Meru ni mlima au ni ugonjwa, na leo yote hayo yamebaki neno moja. Mama aliyekaa jirani yangu aliniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu, maana nalia kupita kiasi. Nikamwambia hapana, ni mtu niliyemkosea. Akanipa leso yake, akaendelea kula. Nilizungusha macho nikimtafuta Mama Hadija, ingawa nilijua hatakuja. Nilijua pia kwa nini hatakuja, na katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba sababu yake ni ya uongo.

Sitawachosha na habari za nilizaliwa wapi na nani alinilipia shule. Kila anayeandika maisha yake anaanzia huko, na mimi huwa naruka kurasa hizo. Nataka kusema mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka chuo kikuu na cheti changu cha uchumi, najiona nimeiva, na nimepanga chumba Kaloleni, Arusha, kwenye nyumba ya Mama Hadija. Yeye alikuwa mjane wa makamo, Mrangi wa Kondoa, marehemu mume wake alikuwa na lori. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, lakini ukuta wake mmoja uligusana na sebule yake, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao zilizopakwa chokaa. Nilikuwa na kitanda, meza, ndoo mbili na dirisha lililotazama kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi nilikuwa nasikia kila kitu: kinu kikitwanga tangawizi, Hadija, binti yake, akigombezwa kwa kuchelewa shule, kisha hodi ya kwanza, na ya pili, na sauti za wanaume. Sikutega sikio. Mwanzoni, nasema kweli, sikutega.

Ulikuwa mwaka wa watu kujaribu. Yale tuliyozoea kuambiwa hayaruhusiwi yalikuwa yameruhusiwa, na kila aliyekuwa na mjomba mwenye pikapu alifungua kampuni. Jijini pale, enzi hizo bado mji, vibao vya kampuni za kupeleka bidhaa nje viliota juu ya milango kama uyoga. Nikapata kazi kwa Dokta Severini, mtafiti aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kupanga vyumba viwili ghorofani, karibu na soko kuu. Alikuwa mwembamba, anavuta sigara huku anakohoa, na ana hasira na takwimu za forodha. "Hizi zinaniambia tani ngapi zimetoka," alikuwa anasema akizipiga kofi. "Haziniambii zimetokaje. Naomi, usiniletee kampuni. Kampuni ninazo kwenye daftari la msajili. Niletee mistari iliyo kati yao." Basi kazi yangu ikawa hiyo. Naingia kwenye kila ofisi na dodoso mkononi, nauliza unanunua kwa nani, unamuuzia nani, nani alikujulisha kwa huyo, habari za bei unazipata kwa nani. Jioni narudi, nachora kwenye karatasi za manila tulizogandisha ukutani kwa uji wa ngano: kila kampuni mduara wenye namba, kila uhusiano mstari, na mstari unanenepa kadiri watu wanavyoaminiana. Tulikuwa tunakula mihogo ya kukaanga tukitazama ukuta ule, Dokta anaelekeza kwa kipande cha muhogo. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichofanya kabla au baadaye, na hilo nalo linaniuma.

Swali la tisa ndilo lililonitesa. Liliuliza: mzigo wako ukikwama, unamwendea nani? Wakurugenzi wale, wengine na tai, wengine na ndala, walikuwa wakijibu maswali manane bila shida, wakifika la tisa wanacheka kidogo na kusema, "Aa, nina mtu wangu." Mtu wako nani? "Mtu wangu tu, dada." Wa wapi? "Wa hapahapa." Nisiposhikwa mkono wa kwaheri nilijua nimeuliza sana. Ilikuwa ni adabu yao. Mtu anayekutoa kwenye shida humtangazi, kama vile hutangazi mahali unapochimba dawa. Dokta Severini aliniambia niandike "mtu" na kuweka mduara mtupu usio na namba. Kwa hiyo ramani yangu ikajaa miduara mitupu, kila kampuni na wa kwake, kumi na mmoja wamekaa pembeni bila kazi, na Dokta anawatazama huku anakohoa.

Ndipo asubuhi moja, nikiwa napiga mswaki dirishani, nikasikia sauti upande wa pili wa ukuta ambayo nilikuwa nimeihoji siku mbili kabla. Mkurugenzi mmoja mwenye tai, mtu aliyenifanya nisubiri saa nzima kwenye benchi, alikuwa sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu anabembeleza. "Mama Hadija, Nairobi wamekataa mzigo, wanasema umenyauka. Nisaidie, mama yangu." Na Mama Hadija, bila haraka, akimimina kahawa, maana niliisikia ikimiminika: "Uliuchukua kwa nani? Kwa Anaeli? Wa Anaeli haunyauki. Wewe umeuacha juani pale mpakani Namanga. Swalehe!" Swalehe alikuwa dereva wa lori, karibu kila siku yupo pale. "Mwambie shemeji yangu wa kule apokee mzigo kesho upande wa kivulini, na yule wa Nairobi mpe salamu zangu, mwambie nimesema mimi ni mzima." Basi. Hakuna barua, hakuna muhuri. Mkurugenzi akashukuru mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nilibaki na mswaki mdomoni, povu linadondoka kwenye khanga. Wiki ile nilitega sikio, sasa nakiri, nilisogeza kitanda kabisa, na nikahesabu sauti saba nilizozifahamu. Watu saba, kila mmoja na "mtu wangu" wake, na wote ni mama huyuhuyu anayenikumbusha kufunika ndoo.

Nilimweleza Dokta Severini akasahau sigara mpaka ikamuunguza kidole. Akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu ng'ambo: biashara ya nchi kwa nchi inayosimama juu ya neno la mtu ambaye hata leseni hana. Lakini alikuwa mtu wa haki, akaniambia nikamwombe ruhusa mwenyewe. Nilimkuta anachambua mchele uani. Nikamweleza yote, nikaficha habari za kitanda. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Hivi mimi, Naomi, ni kampuni? Mimi nawajua tu watu. Anaeli namjua, mume wangu alikuwa anambebea kahawa. Shemeji yupo Namanga, yule wa Nairobi tumecheza pamoja Kondoa tukiwa wadogo. Huyu akiniambia jambo, nampelekea yule. Wanaamini, basi." Kisha akaacha kucheka. "Andika, kama itakusaidia masomo. Ila usiniweke jina wala mahali. Kazi hii ikijulikana ipo, haipo tena. Umenisikia?" Nikamwahidi. Nikasema, mama, utakuwa namba kumi na mbili, hata malaika hatakujua. "Haya, Kumi na Mbili," akasema, "kalete chumvi."

Mzee Anaeli alinipenda kwa sababu ya Mama Hadija, siyo kwa sababu yangu. Nilipopanda Akheri na madodoso alinipokea kwenye nyumba yake ya bati katikati ya kahawa, mrefu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba na kuuliza habari za Mama Hadija kabla ya zangu. Alinionyesha maharage yale, membamba, mabichi, yanayoliwa na maganda yake. "Wazungu wanakula maharage na nguo zake," alisema, na majirani waliokuwa wanapanga maboksi kwenye kivuli cha mgomba wakacheka, bila shaka kwa mara ya mia. Jambo moja la nyumba ile sitalisahau. Jikoni, juu ya rafu, peke yake, kulikuwa na sufuria iliyofunikwa kitambaa. Mke wake alinieleza kuwa ni ya Mama Hadija. Haijawahi kuguswa na nguruwe wala na mafuta yake, na Mama Hadija akija, Anaeli humwita mchinjaji Mwislamu kutoka Tengeru, mbuzi anachinjwa kihalali, anapikwa humo. Idi ikifika, pilau linapanda Akheri. Krismasi ikifika, mkungu wa ndizi unateremka Kaloleni. Nilichora mstari kati yao mnene kuliko yote ukutani, nikatumia kalamu mpaka ikaisha wino.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana naona nazungukazunguka. Tuliitisha semina kwenye ukumbi mmoja Tengeru: watu wa wizara, wafadhili, wakurugenzi, viti vya plastiki, chai ya maziwa na maandazi. Dokta Severini alinipa mimi nieleze ramani. Mimi! Nilishonewa gauni kwa ajili ya siku ile. Nilisimama mbele ya karatasi zile zilizounganishwa, miduara, mistari, na katikati kabisa namba kumi na mbili, mistari yote ikimwendea kama watoto wanaomkimbilia mama aliyetoka sokoni. Sikutaja jina. Nilisema tu kwamba ukimwondoa huyu, biashara yote ya maharage inakatika. Walipiga makofi. Wakati wa chai akanijia kijana mmoja aliyeitwa Prosper, meneja wa kampuni mpya iliyokuwa imefika Arusha mwaka uleule na mitaji mikubwa. Alikuwa msikivu kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne. "Huyu kumi na mbili ni kampuni gani? Kwenye daftari la msajili sioni." Nikacheka kwa maringo. "Huwezi kuiona. Siyo kampuni. Ni mama mmoja tu, hata ofisi hana." Akasema haiwezekani. Neno hilo ndilo lililoniponza. Nikamchukua mpaka kwenye ramani, nikamwonyesha: mstari huu unapanda mlimani kwa kiongozi wa wakulima, huu unakwenda mpakani, huu unafika kwa mtu wa Nairobi mwenye chumba cha baridi karibu na uwanja mdogo wa ndege. Jina sikutaja. Nilijisifu moyoni kwamba jina sikutaja.

Mvua ilikuwa inanyesha, akaniambia atanipeleka nyumbani kwa gari. Tukafika Kaloleni, akasimama getini, nikashuka. Hapa ndipo kila mara, nikilala au nikiwa macho, najaribu kulibadilisha jambo hili. Lakini niambieni, ninyi mngefanyaje? Mtu amekuleta mpaka mlangoni, mvua inanyesha, utamwacha getini useme asante kwaheri? Hatukulelewa hivyo. Nikasema, karibu ndani japo kwa kikombe. Na Mama Hadija naye, aliposikia gari, alikuwa ameshatoka barazani anasema, "Mgeni asirudi na njaa, karibu baba, karibu." Akampa kahawa, akampa vitumbua vya moto. Prosper alikaa kwenye kochi akasifu nyumba. Ilikuwa saa kumi alasiri. Hata kikombe hakijaisha, Swalehe akaingia na matope yake, hakumwangalia mgeni, akasema, "Mama Hadija, Mzee Anaeli kasema kesho maboksi arobaini, na shemeji anauliza yapite upande gani." Mama Hadija akajibu palepale, kama kawaida yake, kwa sababu mgeni alikuwa wangu, na mgeni wangu alikuwa mtu wa ndani. Prosper akaweka kikombe chini taratibu. Akanitazama, akatabasamu. Alikuwa ameelewa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu pia. Sikuogopa, sikushtuka. Nilifurahi kwamba ramani yangu ilikuwa ya kweli na kwamba ameiona kwa macho yake. Siku hiyo nilikwenda kulala nikiwa na raha.

Haikupita hata msimu. Pikapu nyeupe ya kampuni ile ilipanda Akheri ikaegeshwa uani kwa Mzee Anaeli, kwa sababu mlimani kila mtu alimwelekeza mgeni kwa kiongozi. Naye aliwapokea, aliwapa maziwa, akawasikiliza; ndivyo mzee wa heshima anavyofanya. Aliwaambia yeye ana mtu wake wa siku zote. Hilo nililijua baadaye kwa mke wake. Wakamwacha, wakaenda kwa majirani mmoja mmoja na mbegu za bure na viatu vya mvua, na yule wa Nairobi wakamfuata wenyewe na mkataba wenye kurasa. Kaloleni hodi zikaanza kupungua. Kinu cha tangawizi kilitwanga, kahawa ikapoa kwenye birika. Ukuta wangu wa mbao ukawa kimya asubuhi mpaka nikawa nasikia Hadija akitafuna mkate. Mama Hadija hakulia wala hakulaani. Alikaa siku kadhaa anafikiri, kisha nikamsikia anamwambia Swalehe, polepole, neno moja moja: "Njia zote tatu walizijua. Mlimani, Namanga, Nairobi. Nani anazijua zote tatu zaidi yangu mimi na wewe? Ni Anaeli. Nilikwenda naye Nairobi mimi mwenyewe, nikamwingiza mpaka kwenye chumba cha baridi. Na gari lao lililala kwake." Swalehe akasema mama, gari halikulala, lilisimama tu. "Lilinywa maziwa kwake," akasema. Nilikuwa nimekaa kitandani, gauni la semina linaning'inia kwenye msumari mbele yangu. Mlango ulikuwa hatua sita kutoka pale nilipokaa. Sikuinuka.

Mtaniuliza kwa nini. Dokta Severini alikuwa ameniandikia barua ya kunipeleka ng'ambo kwa shahada ya pili, na barua hiyo ilinisifu kwa jambo moja kuliko yote, kwamba nimeaminiwa na watu na sijavunja siri zao. Ndiyo sababu. Sina nyingine nzuri zaidi, nimeitafuta miaka mingi. Nilijiambia nitasema kesho, nitasema baada ya Idi, nitasema nikiwa nimeshapata viza, na kila asubuhi Mama Hadija alinipa kahawa na kuniuliza masomo yamefikia wapi.

Kisha akanituma. Alijua napanda Akheri kumalizia madodoso. Alinisimamisha uani, nimeshavaa viatu, akasema, "Naomi, mwanangu, wewe utanisaidia, Swalehe anakataa. Mwambie Anaeli sufuria ile sasa apikie anachotaka." Mimi nikasema, mama? Akasema, "Hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze. Ataelewa." Jamani, nilikuwa na njia nzima ya kufikiri. Kutoka barabara kuu mpaka kwake ni kupanda, mifereji inapita kando, watoto wanakuamkia shikamoo dada kila kona, na kila kona nilijiambia nitageuka. Nilimkuta anapalilia. Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza kama kawaida, "Mama Hadija hajambo?" Nikamwambia maneno yale. Sikuongeza, sikupunguza. Alinitazama, jembe mkononi, kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya kwao na bado hajaelewa. "Nimekosa nini?" akauliza. "Nimemkosea nini, mwanangu? Wewe unakaa naye. Niambie nikaombe radhi." Mke wake alikuwa ametoka jikoni amesimama mlangoni. Nikasema, "Sijui, baba." Nilisema hivyo. Nilikuwa najua kuliko mtu yeyote chini ya jua, nikamwambia mzee mwenye umri wa baba yangu sijui. Akaitikia kwa kichwa. Akasema nisiondoke bila kunywa maziwa, na nikayanywa, nikamaliza kibuyu chote kwa sababu kubakiza kungekuwa utovu wa adabu.

Yaliyofuata nilikuja kuyasikia kwa barua, nikiwa ng'ambo kwenye chumba chenye joto la mashine. Kampuni ya Prosper ilinunua msimu mmoja na nusu. Halafu wakasema maharage ya Akheri yana madoa, wakayaacha bandani, wakahamia mahali pengine. Mzigo ulikwama na wakulima hawakuwa na wa kumwendea. Mzee Anaeli aliteremka Kaloleni mara mbili, Hadija aliniandikia, na mara zote mbili mama yake alimwambia Hadija aseme hayupo. Wakulima walirudi kwenye ndizi na kahawa, Mama Hadija akafungua duka la mchele. Mimi nikapata shahada. Tasnifu yangu ilikuwa na ramani ile ndani, imechapwa vizuri kwa rangi, na maprofesa waliipenda. Waliniuliza kama mtandao huo bado upo. Nikajibu kitaalamu kabisa kwamba ulikuwa dhaifu kwa sababu ulimtegemea mtu mmoja. Uongo mwingine huo, nikapewa alama. Haukuwa dhaifu hata kidogo.

Nimeishi na kufundisha, nimestaafu. Nilikuwa nikipita Arusha nampelekea Mama Hadija vitenge na sukari, ananipokea kwa furaha, ananiita profesa wangu, na mimi natoka pale nimeugua. Mara ngapi niliufungua mdomo! Nikajidanganya kwamba ya kale yamepita, kwamba labda wameshapatana. Hawakuwa wamepatana. Baada ya mazishi nilikwenda Kaloleni moja kwa moja, na viatu vyenye udongo wa Akheri. Yeye sasa ni mzee sana, macho yana ukungu, anakaa kwenye kiti kilekile cha sebuleni ingawa ukuta wa mbao umeshakuwa wa matofali. Hadija, naye sasa ana wajukuu, alitandika meza. Nikasema mama, Mzee Anaeli tumemzika. "Nimesikia," akasema. "Mungu amrehemu." Kisha akaongeza: "Alikuwa ananisalimia, unajua? Tukikutana Tengeru sokoni. Miaka yote. Anavua kofia. Mimi napita." Ndipo nikasema. Nilisema yote, semina, ramani, mvua, vitumbua, tabasamu, Swalehe. Sikujitetea, au labda kidogo, mwanadamu hawezi kuacha. Hadija alisimama na sahani mkononi akasahau kuiweka.

Nilipomaliza Mama Hadija aliuliza jambo moja. "Siku niliyokutuma kwake, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukaenda."

"Nikaenda."

Nje mtu alikuwa anauza maziwa, anapita mlango hadi mlango. Nilisubiri matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Badala yake akamgeukia Hadija na kusema kesho anataka kupanda Akheri, afike kaburini, na amwone mke wa marehemu. Nikaruka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikasema nina gari, mama, nitakuja saa mbili asubuhi, nitakuendesha polepole, nitakushika mkono mpaka palepale.

"Hapana," akasema, bila ukali wowote, kwa sauti ileile aliyokuwa akinikumbusha kufunika ndoo. "Nitakwenda na Hadija. Wewe ulishanifikishia ujumbe wangu mara moja. Inatosha."